Dawati tupu ni la jirani

Haya ndo niliyoyasema Jumamosi alasiri ukumbini, kuhusu shule za praiveti kuwasaidia watoto walioshindwa karo na kukaa vizuri na majirani, mbele ya wazazi, walimu, wenye shule na majirani wa huku kwetu Kisauni. Wengi walikwama kwenye jam ya daraja la Nyali hawakuwahi, wakaniomba niyaandike, basi nayaweka kama yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu pale nilipojirudia.

Assalaam aleikum. Hamjambo nyote, na wenzetu wa Bwana asifiwe pia hamjambo. Wazee wangu mliokaa pale mbele shikamooni. Wa nyuma sogeeni jamani, viti viko, na hii maikrofoni yakatika katika.

Wengi hapa wanijua kwa sura kuliko kwa jina kwa sababu miaka 19 mlikuwa mkiniona kupitia dirishani. Nilikuwa nakaa dirisha la karo kwenye shule moja ya praiveti hapa hapa Mombasa, shule siitaji, nayo sio mbaya kuliko nyengine. Mwenye kukaa dirisha lile ajua mambo ambayo mwalimu hajui na mkurugenzi hajui. Ajua nani analipa kwa hundi ya kampuni, nani analipa kwa noti za mia mia zilizokunjwa ndani ya leso, nani anasema nitakuja Ijumaa na kweli aja, na nani anasema Ijumaa na wewe wajua na yeye ajua kwamba Ijumaa hiyo haipo.

Nataka niwaambie kisa kimoja halafu ndo nije kwenye hesabu.

Mwaka 2018, mwezi wa kwanza, wiki ya pili tangu shule zifunguliwe. Nilitoa listi ya watoto ambao hawajalipa kitu. Mimi ndo niliyeitengeneza, sikulazimishwa na mtu, ilikuwa ndo kazi. Asubuhi majina yakasomwa darasani, watoto wakapangwa mstari nje ya ofisi yangu, kila mmoja nikampa kijikaratasi, nenda nyumbani ulete karo. Kulikuwa na msichana wa darasa la nne. Kiatu chake kimoja kilikuwa na bakli, cha pili bakli ilikuwa imekatika na mtu amekifunga kwa uzi mweusi, uzi huu huu wa kushonea, ameuzungusha mara nyingi na kwa ustadi mpaka ukiwa mbali wadhani ni bakli. Mtu alikaa usiku akaifanya kazi ile. Yule mtoto akanyoosha mkono, akachukua karatasi, akaniambia asante ticha. Hivyo ndo alivyofunzwa kwao, ukipewa kitu sema asante.

Saa nane na nusu nikatoka kwenda benki. Nje ya geti kuna mama alikuwa akiuza kachiri na mabuyu na maji ya barafu, miaka yote yuko pale chini ya mwavuli wa manjano. Nikamkuta yule msichana amekaa kwenye kreti ya soda chini ya mwavuli, begi amelipakata, karatasi yangu bado iko mkononi imelowa jasho. Nikamuuliza mama, huyu bado yuko hapa? Akanijibu bila hasira, na afadhali angenijibu kwa hasira. Akasema mamake yuko Kongowea sokoni, simu imezima, na ufunguo wa nyumba anao yeye. Nimemwambia asubiri hapa mpaka saa tisa wenziwe watoke aende nao, asipite mtaani peke yake saa za masomo na yunifomu, watu wakamjua.

Wakamjua. Mama ambaye kila anachouza siku nzima hakifiki karo ya wiki moja pale kwetu, yeye ndo aliyefikiria heshima ya mtoto wetu. Sisi wenye ofisi, wenye kompyuta, wenye bango la ukutani lenye maneno mazuri kuhusu maadili, hilo halikutupitia akilini.

Na sasa nawaambia kilichonifanya nisimame hapa leo. Ndani ya mkoba wangu siku ile ile, nilikuwa na barua ya kupeleka ofisi za kaunti, nimeichapa mimi kwa mkono wangu, ya kuomba kanjo, wale askari wa kaunti, waje wawaondoe wachuuzi mbele ya geti letu kwa sababu wanaharibu sura ya shule. Ile barua sikuipeleka. Nilirudi nayo nikaenda kumwambia mkurugenzi kwa nini.

Ndo maana naposema mambo ya kusaidia watoto kulipa karo na mambo ya kukaa vizuri na majirani, kwangu mimi ni jambo moja tu. Watu hutenganisha, hii ni ya kamati ya fedha na hii ni ya askari wa geti. Yule aliyekaa nje ya ukuta na yule tuliyemtoa ndani ya ukuta walikuwa wamekaa chini ya mwavuli mmoja.

Haya, tuje kwenye hesabu, na hapa wenye shule nawaomba sikio lenu lote.

Tuchukulie darasa lina madawati 30 na mumesajili watoto 24. Mshahara wa mwalimu ni ule ule wakiwa 24 au 30. Kodi ya jengo ni ile ile, stima ni ile ile, askari, dereva, mwalimu mkuu, mlinzi wa usiku, feni zinazozunguka juu ya vichwa, zote ni zile zile. Akiingia mtoto wa 25 kinachoongezeka ni vitabu vyake, karatasi za mtihani, sahani yake ya chakula, na kidogo cha mafuta ikiwa basi lazunguka mpaka kwao. Basi mtoto huyo akilipa hata theluthi ya karo, shule haikupata hasara, imepata. Lile dawati lingekaa tupu mwaka mzima likikusanya vumbi na lingekugharimu karibu kiasi kile kile. Mimi nimeziandika hesabu hizi kwa mkono miaka na miaka, na nilichelewa sana kuziona zinavyosema, kwa sababu nilikuwa naangalia deni tu, siangalii dawati.

Na mtoto ukimfukuza muhula uko katikati ndo yale yale kwa upande wa pili. Niliyoyaona mimi ni haya: mwenye pesa aliyechelewesha tu, alilipa haraka. Asiyekuwa nazo alihama, deni likabaki kwenye kitabu mpaka leo, na dawati likabaki tupu. Yaani tulimuaibisha mtoto na pesa hatukupata.

Sitaki mtu aseme nimedanganya, hesabu hii ina mwisho wake. Madawati yakijaa, mtoto wa 31 ataka mwalimu mpya na chumba kipya, na hapo maneno matamu hayajengi chumba, yataka pesa halisi kutoka mahali. Nitakuja hapo. Lakini niambieni ukweli, ni shule ngapi kati ya zenu zilizo hapa madarasa yamejaa yote? Naona mwatazamana.

Kuna watu wakisikia shule ya praiveti wanafikiria magari makubwa na bwawa la kuogelea. Ziko hizo, Mombasa twazijua. Lakini nenda Bangladesh kule Mikindani, nenda Likoni ndani ndani, nenda hapa nyuma Mshomoroni, utaona shule za mabati zenye vyumba sita na hizo nazo ni praiveti, serikali yenyewe imezipa jina refu la shule mbadala, na mzazi anampeleka mtoto pale sio kwa sababu ana pesa, ni kwa sababu shule ya serikali iko mbali au imejaa. Mwaka 2003 elimu ya msingi ilipofanywa bure watoto waliingia madarasani kama mawimbi, kheri kubwa ile na mimi naishukuru, lakini madarasa yalifurika na kuna wazazi tangu hapo walianza kutafuta mahali mwalimu atakapomjua mtoto kwa jina. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Mzazi anayelipa praiveti hakuitupa haki hiyo, alitafuta tu mlango uliokuwa karibu.

Sasa mzazi huyo akianguka, kazi ikiisha, mume akifariki, anakimbilia wapi? Basari ya CDF, ule mfuko wa jimbo la bunge, basari ya kaunti, nyingi zaelekea sekondari na vyuo na shule za serikali. Wings to Fly, ufadhili wa benki ya Equity ulioanza 2010, ni wa watoto wa sekondari, na umewafikisha mbali wengi mno. Lakini mtoto wa Gredi 3 kwenye shule ya praiveti ya mtaani, huyo hana fomu ya kujaza popote. Mlango wake ni mmoja tu, dirisha la karo la shule yake. Ukilifunga lile, umefunga yote.

Na kuna jambo la hapa kwetu Pwani ambalo kalenda ya shule hailijui. Muhula wa pili wafunguliwa mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei. Wajua Aprili mpaka Juni ni nini huku? Ni masika, hoteli za Nyali na Bamburi na Shanzu zinakuwa tupu, watu wa mikataba wanaambiwa nendeni nyumbani tutawaita. Kusi limeanza kuvuma, mwenye ngalawa ndogo hatoki nje ya mwamba kila siku kama wakati wa kaskazi. Muuza vinyago ufuoni anakaa mpaka jioni na anafunga hajauza. Yaani pale pale pesa zinapokauka ndo shule inaleta barua yenye maandishi mekundu. Halafu Disemba mtu anapata taim nzuri, hoteli zimejaa, na shule imefungwa hakuna anayemuomba kitu, Januari ikifika zimeshatumika. Kwa nini shule ya Mombasa isimruhusu mpishi wa hoteli alipe zaidi Novemba na Disemba, na Mei alipe kidogo? Ni mzazi yule yule na pesa zile zile, upepo tu ndo umebadilika.

Vile vile mama anayeuza samaki wa kukaanga. Yeye hapati elfu kumi na tano kwa mpigo hata siku moja maishani mwake, lakini mia mbili kila siku anazo. M-Pesa tunayo tangu 2007. Sisi tulipoweka peibili, namba ya kulipia kwa simu, na kuwaambia wazazi tuma kiasi chochote siku yoyote, hata hamsini, kuna mama mmoja alikuwa akituma kila usiku baada ya Isha akishafunga meza yake. Kila asubuhi nafungua kompyuta namkuta, mia na hamsini, mia mbili, siku ya mvua sabini. Yule mama alimaliza muhula hana deni. Mwaka uliotangulia mtoto wake alirudishwa nyumbani mara tatu.

Basi msaada wenyewe uweje? Nawapa niliyojifunza, na mengine nilijifunza baada ya kukosea.

Uamuliwe kabla mwaka haujaanza. Novemba, shule ikae, ihesabu madawati yaliyo tupu kila darasa, iandike kwenye bajeti kwamba haya ni ya msaada. Msaada usingoje mtoto atolewe darasani ndo watu waanze kupitisha bahasha. Nimeona harambee ya kumrudisha mtoto shule, watu walitoa kwa moyo safi, lakini kila mwanafunzi alijua ni ya nani, na yule kijana mpaka anamaliza aliitwa kwa jina la ile harambee, siwezi kulitamka hapa.

Watu wanaojua nani anasaidiwa wawe watatu, basi. Mwalimu wa darasa asijue. Mimi najua mwalimu ana moyo mzuri, lakini siku ambayo kijana amekuwa mtukutu ulimi huteleza, na wewe na vile unavyosomeshwa bure. Neno hilo mtoto halitoki rohoni mpaka akizeeka.

Na picha! Jamani picha. Hebu tuwache kuwapanga watoto mstari wameshika hundi ya karatasi kubwa mbele ya mfadhili halafu twaweka Facebook. Yule mtoto ana binamu zake, ana jirani, kesho kutwa atataka kazi, atataka kuoa. Kwetu tumefundishwa mkono wa kulia utoe wa kushoto usijue, na wenzetu Wakristo maneno hayo hayo wanayo kwenye Injili, sijui ni nani aliyetuambia kwamba kwa mambo ya shule ni sawa.

Halafu karo peke yake haitoshi. Hili ndo kosa ambalo shule nyingi zinafanya na zinashangaa mtoto amepewa nafasi kisha ameacha. Amesamehewa karo, lakini yunifomu ni ya kununua kwenye duka moja tu kwa bei ya duka lile, basi la shule ni pesa, chakula cha mchana ni pesa, trip ya Fort Jesus ni pesa, siku ya nguo za nyumbani ni pesa. Mtoto anakuwa ndani ya geti lakini kila wiki kuna kitu kinachomtoa nje. Ukimpa dawati mpe na sahani, na mpe kiatu. Mimi nikikumbuka ule uzi mweusi... haya, tuendelee.

Ya tatu au ya nne sijui, sihesabu, msiseme punguzo la mtoto wa pili na wa tatu wa familia moja ndo msaada. Hilo ni biashara, nzuri tu, lakini anayefaidi ni mwenye uwezo wa kuleta watatu.

Sasa pesa za yule mtoto wa 31. Mombasa hii sio mji mgeni wa jambo hili. Mji wa Kale kuna nyumba ambazo wazee wetu waliziweka wakfu, kodi yake inahudumia misikiti na madrasa mpaka leo, na wenyewe wamelala makaburini zamani. Allidina Visram, mfanyabiashara aliyefariki 1916, jina lake liko kwenye shule ambayo watoto wa kila kabila wamesoma, kwa sababu familia yake ilitoa mali ikajenga. Kule Kizingo Aga Khan Academy ilipofunguliwa 2003 iliweka wazi kwamba mtoto anaingia kwa uwezo wa kichwa chake, sio kwa mfuko wa babake, na waliopungukiwa wanasaidiwa. Najua mtasema wale wana nguvu, sisi shule ya vyumba kumi tutaweza wapi. Lakini wakfu hauhitaji jumba. Duka moja la kukodisha, chumba kimoja, hata mnazi, zamani watu waliweka wakfu mnazi. Wazazi wetu hapa kila Ramadhani wanatoa zaka, moja ya arubaini ya mali, na wengi wanawapa wanaobisha mlango tu. Masheikh wetu watatueleza nani anayestahiki, mimi sio mwanachuoni, lakini nina hakika wako wanaostahiki ambao wanaona haya kubisha. Na wa kanisani mna fungu la kumi. Na waliosoma kwenye shule zetu wakaenda Nairobi, Dubai, Uingereza, ni nani aliyewahi kuwaandikia? Mimi miaka 19 sikuandika hata barua moja. Niliandika barua za madeni tu.

Haya majirani, mmekaa kimya mkinisikiliza, nakuja kwenu.

Sisi tumewakosea. Nasema sisi kwa sababu mpaka leo nafsi yangu iko upande wa ndani ya ukuta. Honi ya basi saa kumi na moja asubuhi, dereva anamwita mtoto mmoja na anaamsha mtaa mzima. Spika za mazoezi ya siku ya michezo, wiki mbili muziki ule ule, na kuna kanuni za kelele za NEMA, mamlaka ya mazingira, tangu 2009 ambazo sisi tunaofundisha watoto utii wa sheria tulikuwa hata hatujazisoma. Maji machafu ya jikoni kumwagika barabarani. Na magari.

Kwenye magari nitasimama kidogo. Ukuta wetu ulipakana na ami mmoja, Mungu amrehemu, mtu wa kimya, alikuwa na ugonjwa wa figo, mara mbili kwa wiki anapelekwa hospitali kusafishwa damu na lazima awahi zamu yake. Siku hiyo saa moja na robo mwanawe anataka kutoa gari, geti lao limezibwa na gari la mzazi. Mzazi ameingia ndani kuongea na mwalimu. Yule kijana akaja getini, askari akamwambia ngoja. Akaja tena, akaambiwa ngoja, tena kwa ukali. Dakika arubaini. Mimi nilikuwa naona kupitia dirishani kuna kijana anazozana na askari nikadhani ni wa fujo. Baadaye jioni ami mwenyewe alikuja, amechoka, ameshikwa mkono, hakuja kugomba. Akasema, mwanangu, mimi nimewazoea watoto wenu, sauti zao zanifurahisha, nilikuwa naomba tu nijue nikiwa na shida nimpigie nani.

Miaka yote ile hakuwa na namba ya mtu hata mmoja wa shule. Ukuta mmoja!

Tulichofanya hakikuwa kikubwa na hakikugharimu. Tuliandika namba ya simu ya mtu mmoja, mtu mwenye jina, sio namba ya ofisi inayolia bila kushikwa, tukaipeleka nyumba kwa nyumba. Wazazi wakaambiwa washushe watoto kwa barabara kubwa watembee wale hatua mia na mwalimu amesimama njiani, walilalamika wiki moja wakazoea. Madereva tukawakataza honi, dereva anapiga simu akikaribia. Na maji, hili ndo lililobadilisha mambo kuliko yote. Nyote mwajua maji ya bomba Mombasa, yanatoka mbali, Mzima, Marere, Baricho, na likipasuka bomba huko mtaa unakaa siku nyingi na mitungi mikavu. Shule ilikuwa na kisima cha pampu. Tukatoa bomba moja nje ya ukuta, asubuhi kabla ya watoto kuja na jioni wakishaondoka. Maji ya chumvi kidogo, ya kufulia na kuogea, lakini ni maji. Kabla ya hapo vijana wa mtaa walikuwa wakirusha mawe juu ya mabati yetu usiku na tukaajiri mlinzi wa pili. Mawe yaliisha na hakuna aliyefanya mkutano wa kuyakomesha.

Halafu ikaja 2020. Machi shule zikafungwa, na Januari 2021 ndo zikafunguliwa kikamilifu. Walimu wa serikali mshahara uliendelea, wa praiveti wengi uliisha ile ile Aprili. Mwalimu wetu wa hesabu alikuwa akikaanga viazi karai, mwengine akaendesha tuktuk ya shemeji yake. Wajua ni nani aliyetushika mkono? Mwenye nyumba mmoja jirani, ambaye walimu wetu wawili walikuwa wapangaji wake, aliwaambia kaeni, tutahesabiana shule zikifunguliwa. Nyumba ya yule ami ikawa inatuma chakula. Wazazi wengine, na wako hapa nawaona, waliendelea kutuma kitu kwa peibili na watoto wako nyumbani, wakijua ni mshahara wa mwalimu. Shule nyingi za praiveti nchini hazikufungua tena baada ya mwaka ule. Sisi tulifungua. Kwa hiyo mtu akiniambia msaada ni shule kuwapa watu, namwambia hapana, mimi nimeona upande wa pili, nimeona shule ikisaidiwa na wale wale tuliotaka kuwaondoa getini.

Kuna swali ambalo mzazi mmoja aliniuliza hapo nje kabla hatujaanza, nami nilimuahidi nitalijibu mbele ya watu. Alisema, mimi nalipa karo kamili, najinyima, kwa nini mwengine alipe nusu tukae darasa moja? Ni swali la haki wala halina roho mbaya. Jibu langu ni hili. Karo yako haikupanda kwa sababu yake, nimeonesha hesabu, dawati lile lilikuwa tupu. Na shule lazima ikuthibitishie hivyo, mwisho wa mwaka ikuoneshe kwamba msaada ulitoka kwenye madawati na kwenye wakfu na michango, haukutoka mfukoni mwako kwa siri. Usipooneshwa una haki ya kuuliza. Na jengine, wewe leo unalipa kamili. Nimekaa dirishani miaka 19, nimewaona waliolipa kamili mwaka huu, mwaka unaofuata wakaja wamesimama pembeni wakingoja watu waishe ndo waseme. Walikuwa ni wale wale.

Na mkurugenzi aliyesema tukiwafungulia watajaa. Bwana, wakijaa kwa shule yako tutafurahi sote, lakini shule ndo inayoamua madawati mangapi. Ukisema manne ni manne, jirani akielezwa ukweli anaelewa. Kinachomuudhi ni kuambiwa hakuna nafasi na yeye kila siku anaona basi lapita nusu tupu.

Yule mama wa kachiri watu huniuliza yuko wapi. Yuko pale pale, mwavuli ni mwengine, ule wa manjano ulipasuliwa na upepo. Tulimuomba asogee upande wa kivuli mbali kidogo na njia ya magari, akasogea, na watoto waliochelewa kuchukuliwa anawakalisha na mwalimu wa zamu ajua. Mjukuu wake yuko Gredi 2, nakwambia kwa ruhusa yake kwa sababu yeye mwenyewe amesema nisimfiche, analipa kila Ijumaa jioni.

Sasa karatasi zinapita, zina mistari mitatu tu. Wenye shule, Jumatatu mkifungua pitieni darasa kwa darasa mhesabu madawati yasiyokuwa na mtoto, muandike idadi. Mstari wa pili muandike jina na namba ya mtu mmoja ambaye jirani anaweza kumpigia. Wa tatu ni wa majirani, andikeni jambo moja mnalotaka shule iliyo karibu nanyi ilirekebishe, moja tu kwa sasa, tuanze nalo. Zikusanyeni kwa yule kijana pale mlangoni mwenye kanzu ya kijivu. Kalamu ziko chache, pokezaneni. Wanaotaka kuniuliza nitakuwa hapa nje mpaka Magharibi.